Fundi wa Simu Aliyekataa Namba

Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye, watu hawakuacha kumletea simu zilizopasuka vioo. Walisikia anaitwa Fundi wa Simu, basi wakapanda ngazi hadi ofisini kwetu, juu ya duka la mbegu mjini Migori, kila mmoja na simu yake imefungwa kwa raba ili isiachane vipande. Yeye hakuwahi kufungua simu ya mkononi hata moja. Jina lile alilibeba kutoka enzi za simu za waya, alipokuwa fundi wa mitambo ya simu Homa Bay, na waya zilipokufa jina likabaki. Lakini hakumfukuza mtu. Aliipokea simu, akaigeuzageuza, akamuuliza mwenyewe inamfanyia kazi gani. Ni ya kuongea na binti aliye bweni kule Asumbi? Ni ya kuulizia bei ya omena, dagaa wa ziwani, imefikaje sokoni? Akishajibiwa alikata kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, akaandika kwa kalamu ya wino mzito YA KUONGEA NA BINTI, akaibandika mgongoni mwa simu, halafu akamwelekeza mtu kwa fundi wa vioo mtaa wa chini. Watu waliondoka na kioo bado kimepasuka, na bado walimshukuru. Jambo hilo lilinishangaza tangu wiki yangu ya kwanza.

Nina sababu yangu ya kumkumbuka, na afadhali niiseme mapema. Nilimdanganya. Lilikuwa neno moja tu, "ndiyo", mahali palipohitaji "hapana", na nilimwambia yeye, mtu ambaye hakuniuliza mambo mengi. Kwa miaka sita baada ya hapo nilijiuliza kama alijua. Nilimchunguza akinywa chai, nikamchunguza akisoma barua, nikitafuta dalili. Sijawahi kumchunguza mtu mwingine namna ile, hata mume wangu.

Ofisi yetu ilikuwa na watu wanne. Kulikuwa na mkurugenzi, aliyekuwa barabarani kila siku akitafuta wateja, Mkuria mmoja wa Isebania aliyeshika mambo ya mtandao, mimi, na Fundi, aliyetuzidi sote umri na ndiye msimamizi wetu. Kazi ilikuwa kutunza kompyuta ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona. Zahanati na shule za huku kwetu zilikuwa zimechoka kununua seva za kuweka chumbani na kushindana na mchwa na stima inayopotea. Zikaanza kukodi mashine pepe kwenye wingu. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Unaiagiza kwa kuandika, nayo inakatwa kutoka kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, inapewa diski zake na kadi zake za mtandao, na hizo nazo hazina mwili. Ukiichoka unaifuta, na mezani hakubaki hata vumbi.

Nimeambiwa kwamba Fundi alipoonyeshwa jambo hili mara ya kwanza aliuliza swali moja kwa wiki nzima. "Hii kadi ya mtandao, iko wapi nishike?" Wenzake walicheka. Yeye akaenda nyumbani, akarudi na boksi la viatu, vifuniko viwili vya sufuria na vipande vitatu vya kamba ya katani. Boksi ndilo mashine, vifuniko ndivyo diski, kamba ndizo kadi za mtandao. Nilipoajiriwa, boksi lilikuwa bado juu ya kabati, na ndilo nililofundishiwa. Aliniambia nifumbe macho, akavitoa vitu vyote, akavichanganya, akavirudisha. Nilipofumbua akaniuliza kamba ipi inaenda kwa watu wa nje na ipi ni ya mambo ya ndani ya zahanati. Nikaonyesha ile iliyokuwa kushoto, kwa sababu hapo awali ya nje ilikuwa kushoto. Akanipa pole, akasema nimeshafungulia dunia nzima mlango wa chumba cha kulala.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo, na nitaeleza polepole kwa kuwa mengine yote yanafuata. Mashine pepe ikiamka inahesabu vitu ilivyopewa: diski ya kwanza, diski ya pili, kadi ya kwanza, kadi ya pili. Inahesabu kwa jinsi ilivyovikuta. Siku ikizimwa na kuwashwa tena, pengine imehamishiwa kwenye kompyuta kubwa nyingine, yaweza kuvikuta kwa mpangilio tofauti, na ya kwanza ikawa ya pili. Mara nyingi haitokei, ndiyo maana watu wanazoea kuiamini. Dawa yake ni lebo. Unapoipa mashine diski, unaipachika neno kule winguni, nje ya mashine yenyewe, neno la kusema kazi ya hiyo diski: rekodi za wagonjwa, au takataka za muda. Mashine ikiamka inasoma karatasi ya maelezo yake na kujua ipi ni ipi, hata ikiwa imeikuta ya mwisho. Kuweka lebo huchukua muda wa kupiga chafya mara mbili.

Fundi alilipenda neno lile dogo kuliko kitu chochote katika teknolojia mpya. Mengine yote aliyavumilia tu. Nadhani alifurahi kukuta kwamba watu wa mbali, wenye kompyuta kubwa kama godauni, nao walikuwa wamefikia jambo alilolifanya yeye kwa plasta maisha yake yote.

Maana ofisi nzima ilikuwa na plasta. Kitu cha ajabu ni kwamba hakuandika kitu kinaitwaje. Hakuna mtu asiyejua thamosi, alisema, kwa hiyo kuandika THAMOSI ni kupoteza wino. Kwenye thamosi kubwa aliandika YA WAGENI, kwenye ndogo YA WANAOFANYA KAZI. Ufagio mmoja ulikuwa WA NDANI TU. Ufunguo wa paa ulikuwa WA KUONA KAMA TANGI LINA MAJI. Alipokuwa hajajua kazi ya kitu, hakukitupa wala hakukisia. Alikibandika SIJUI BADO, na kulikuwa na droo nzima ya vitu vya namna hiyo, ambayo Mkuria wetu aliiita kanisa la wasioamini.

Namba alizikataa kabisa. Mkurugenzi aliwahi kurudi kutoka Kisumu na vibao vya chuma vya kuandika milango, moja hadi sita, vinameta. Fundi alivipokea kwa heshima zote, akaviweka kwenye droo ya SIJUI BADO. Mkurugenzi alipouliza, aliambiwa kwamba namba inakuonyesha kitu kilisimama wapi jana, wala haikuambii kinafanya nini leo. Mkurugenzi akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye mkalimani. Vibao havikutoka tena.

Chanzo cha ugomvi wake na namba alikisimulia mara nyingi, na kila mara hadithi ilibadilika kidogo pembeni, lakini katikati ilikuwa ile ile. Enzi za simu za waya, radi ilichoma kebo, na waya nyingi zikahitaji kuungwa upya upesi. Vitambaa vya lebo vilikuwa vimeungua. Basi waya zikaungwa kwa kuhesabu, ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Mahali fulani katikati hesabu ikaruka moja. Kwa siku nne, kila mume aliyepiga simu wodi ya kina mama kuuliza mkewe anaendeleaje, alipokelewa na mwenye kinu cha kusaga mahindi. Siku ya kwanza mwenye kinu aliwaambia wamekosea. Siku ya pili alianza kuwaonea huruma. Siku ya tatu alikuwa akipokea simu na kusema, juu ya kelele za mashine, "Anaendelea vizuri, mzee, wewe pumzika."

Hapo Fundi alicheka hadi akavua miwani. Halafu aliivaa tena na kusema kwamba mmoja wao hakuwa akiendelea vizuri, na mumewe alipata habari siku mbili baadaye. Kisha aliendelea na kazi.

Mimi ni mdadisi, sifichi. Siku moja nilimuuliza ni nani aliyeziunga waya zile. Nilitarajia aseme ni wakubwa, au ni vibarua waliokuja na lori.

"Ni mimi," alisema. "Kwani ulifikiri ni nani?"

Alilisema kama mtu anayetaja tarafa anakotoka. Wakati huo sikujua kwamba sentensi ile ingenisumbua hivyo baadaye.

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Mtu aliyeweza kukuambia kazi ya kila waya ndani ya jengo hakuweza kushika jina la mtu hata mmoja. Alituita kwa kazi. Mkuria alikuwa "wa mtandao", mimi nilikuwa "wa diski", mkurugenzi alikuwa "wa barabara", hata mbele yake. Mume wangu alikuja mara tatu, na mara zote tatu aliitwa "wa huyu". Miwani yake aliipoteza kila siku, na haikuwa na plasta. Kuhusu mitambo alikuwa mkweli wa kuudhi, lakini kuhusu samaki alikuwa mwongo asiye na mfano: mbuta aliyemvua ujanani alirefuka kila mwaka, na mwaka niliokuja alikuwa tayari amefika urefu wa baiskeli. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa kule Asumbi, akichelewa nusu pigo nyuma ya wenzake, kwa uhakika uliowafanya wenzake wajione wao ndio wamewahi. Sifa alizitoa kwa kijiko cha dawa. Kwa mwaka mzima wa kwanza sifa yangu ilikuwa "haijaharibika".

Nilipomtembelea nyumbani kwake Rangwe nilitarajia kukuta plasta hadi kwenye mabawa ya kuku. Hakukuwa na hata moja. Mkewe aliona ninavyoangaza macho, akaniambia amempiga marufuku tangu wiki ya harusi. Alikuwa ameamka akakuta sufuria yake imeandikwa YA UGALI, na yeye siku hiyo alitaka kupikia maharagwe. Fundi alikaa pale akila kimya, na nikaona kwamba ndani ya nyumba ile hakujua chumvi iko wapi.

Sasa nifike kwenye diski.

Tulipata mteja mpya, zahanati ndogo upande wa Muhuru Bay. Mashine yao ilihitaji diski mbili. Moja ya kuweka rekodi za watoto na mama zao, yaani uzito, chanjo na siku za kliniki. Nyingine ya vitu vya muda, ya kusafishwa yote kila Jumapili. Niliachiwa kazi yote peke yangu, na nilikuwa na haraka, na zaidi ya haraka nilikuwa na kiburi. Fomu ya winguni ilikuwa na nafasi ya lebo. Niliiruka. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya mzee na plasta zake. Ndani ya mashine nikaipa diski iliyokutwa kwanza jina la Opiyo, na iliyofuata nikaiita Odongo. Mtu yeyote wa huku ataelewa. Pacha anayetangulia kutoka ni Opiyo, anayemfuata ni Odongo, na hakuna anayewachanganya hadi wanazeeka. Nilijiona mjanja kweli. Nikaiamuru mashine isafishe Odongo kila Jumapili, na kila jioni ichukue nakala ya Opiyo. Nakala moja tu, mpya ikilalia ya zamani, ili kubana nafasi.

Miezi ilipita salama. Kisha wenye wingu wakatuma barua kwamba watafanya matengenezo Jumamosi na mashine zitazimwa kidogo. Niliisoma hadi katikati. Jumamosi mashine ilizimwa, ikawashwa, ikazikuta diski kwa mpangilio mwingine. Iliyokuwa ya takataka ikawa ndiyo Opiyo. Iliyobeba watoto ikawa Odongo. Jioni ile nakala ya takataka ikalalia nakala pekee ya rekodi. Jumapili mashine ikatii amri yangu, ikasafisha Odongo.

Jumatatu asubuhi sista wa zahanati alipiga simu. Alikuwa mtu mpole, na hakulalamika.

"Madam, nimefungua kompyuta," alisema. "Sioni mtoto hata mmoja."

Nilielewa kwa dakika moja. Dakika zilizofuata ndizo ninazozionea aibu. Fundi hakuwa amefika. Niliziondoa diski zote mbili na kuziambatisha upya, safari hii na lebo zake nzuri, kila moja na kazi yake. Niliposikia miguu yake kwenye ngazi nilikuwa nimemaliza. Aliweka mkoba, nikamweleza kilichotokea kana kwamba kimefanywa na wingu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hizo diski, ulikuwa umeziwekea lebo?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaniangalia kidogo, halafu akasema, "Haya," na kuanza kutafuta miwani. Mkurugenzi alikuwa ameapa mbele yetu kwamba atakayepoteza rekodi za mteja ataenda nyumbani siku hiyo hiyo. Niliogopa kufukuzwa. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Mkurugenzi naye aliipokea hadithi ya wingu, akawaandikia wenye wingu barua kali, wakamjibu kwa lugha asiyoielewa.

Siku iliyofuata Fundi alitangulia Muhuru Bay, na mimi nikafuata Jumatano na kompyuta mgongoni. Rekodi zingerudishwa kwa njia moja tu. Kila mama anayehudhuria kliniki ana kitabu chake, na kila sindano imeandikwa mle kwa mkono. Tangazo likatolewa kanisani na ufukweni kwa wanaoanika omena. Wakaja na vitabu vimefungwa ndani ya karatasi za unga, vingine vikinuka samaki, vingine vimetafunwa pembe na watoto wenyewe. Sista alisoma, mimi nikaandika. Fundi alikaa mlangoni akipanga watu, na bila shaka hakugawa namba. Wenye vichanga wanaohitaji chanjo siku hiyo walikaa huku, wanaonakili tu walikaa kule, na wenye vitabu visivyosomeka walikaa karibu naye akiwasaidia kukumbuka. Baada ya siku tatu alirudi Migori. Mimi nilibaki wiki tatu.

Kabla hajaondoka alikuja kusimama nyuma yangu, akasoma kwenye skrini yale majina niliyozipa diski. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa mdudu ambaye hajawahi kumwona.

"Opiyo na Odongo," alisema. "Lakini nyathina, mwanangu, mtoto akishapewa jina, jina inatembea na yeye. Hata Odongo akitangulia kwa mlango, bado ni Odongo. Hii diski yako kila ikiamka inazaliwa upya."

Ilikuwa nafasi ya kusema, na ilikuwa imewekwa mbele yangu kama sahani. Nilisema tu kwamba nitabadilisha.

Vitabu vingi vilipatikana. Vingine havikupatikana. Mtoto asiye na kitabu wala rekodi anahesabiwa kama hajachanjwa, sista alinieleza, na anarudia. Haimdhuru, ni uchungu wa sindano tu. Basi wapo watoto wachache waliochomwa tena kwa sababu ya uvivu wangu, na niliwasikia wakilia kutoka chumba cha pili huku nikiandika.

Baada ya hapo maisha yaliendelea. Fundi hakunitaja, hakunihubiria. Alistaafu miaka miwili baadaye, nami nikapewa kiti chake. Nimekuwa mkali wa lebo kuliko yeye, na vijana ninaowafundisha wananisema, najua. Lakini kila nilipowaambia habari ya zahanati ile niliisimulia kama jambo lililofanywa na mtu mwingine.

Mwaka huu nilienda Homa Bay kuweka mashine ya kliniki moja ya macho. Nikipita barazani nilimwona ameketi kwenye benchi la wanaongoja, amekonda, kofia mapajani. Watu wote walishika vikadi vyao vya namba mkononi. Chake alikuwa amekikalia.

"Oyawore, Fundi," nikamsalimu.

Aligeuza sikio kwanza, ndipo uso. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu.

"Wa diski," akasema, na nikafurahi kuliko nilivyotarajia. Nikaketi kando yake. Aliniambia watamtoa mtoto wa jicho, la kulia kwanza. Aliniuliza habari za ofisi, akauliza kama wa barabara bado yuko barabarani. Benchi lilikuwa la kusogea: mmoja akiingia ndani, sote tunahama nafasi moja kuelekea mlangoni. Nilihesabu waliokuwa mbele yetu, wawili, na nikaona kwamba nisiposema hapo sitasema kamwe.

"Fundi, siku ile uliniuliza kama niliweka lebo. Sikuwa nimeweka. Niliziweka baadaye, kabla hujafika."

"Najua. Wingu inaandika saa. Niliona siku hiyo hiyo."

Miaka sita. Nikamuuliza kwa nini basi alininyamazia kwa mkurugenzi.

"Angekufukuza. Na hizo vitabu zote nani angeandika? Mimi naandika na kidole moja."

Tukasogea. Nilijua nimesamehewa, lakini halikuwa hilo tu lililonielemea. Nikamwambia lililobaki, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Wiki ya mwisho kule zahanati alikuja mama mmoja ambaye kitabu chake kilikuwa kimeanguka ziwani. Mtoto wake alikuwa mvulana aliyekwisha kuanza kutembea, mwenye afya, mcheshi, na alikuwa amemaliza chanjo zake zote. Sasa ilibidi azirudie. Sista akiandaa sindano, yule mama alivuka chumba, akapita wote, akaja kwenye meza yangu na kunipa mtoto. Aliniambia, "Nishikie." Nikamshika. Nikamkamata miguu, akachomwa pajani, akapiga kelele na kuuficha uso wake shingoni mwangu, kwangu mimi. Nilidhani mama yake alitaka mikono iwe huru ili afunge leso. Nikamwambia Fundi kwamba hicho ndicho kinachoniuma, kwamba yule mama alimpa mtoto wake mtu aliyesababisha, naye hajui.

Tukasogea tena. Fundi alikuwa akiizungusha kofia.

"Alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Ile Jumanne nilitangulia. Nilikaa na sista na hao kina mama, nikawaambia kesho kuna mtu anakuja. Ni yeye alifuta, na ni yeye atarudisha. Wakaniuliza jina. Nikasema majina sikumbuki, mtamjua na kazi yake."

Muuguzi akatokea mlangoni na kuita namba. Fundi hakutikisika, kwa kuwa hakuwa amekisoma kikadi. Ikabidi nikitoe chini yake na kukiangalia. Ilikuwa ni yeye. Muuguzi akamshika mkono, naye akaniachia kofia, akaingia ndani akipapasa ukuta.

Nikabaki pale. Walijua wote, tangu asubuhi niliyofika na kompyuta mgongoni na kuanza kuwapa pole kwa makosa ya wingu. Walinisikiliza. Walinisogezea kiti. Nikamwona tena yule mama akivuka chumba, akipita watu waliokuwa karibu naye zaidi, wenye mikono isiyo na kazi. Leso yake ilikuwa imefungwa tayari. Baada ya kunipa mtoto hakufanya lolote. Alisimama mbele yangu, akanitazama nikimshika, hadi sindano ikaisha. Nikalia pale pale kwenye benchi, mbele za watu, na sikuona aibu.